Habari Hadi Kisiwa cha Mwisho: Rekodi za Norwe

Mwaka 1861 visiwa vya Lofoten, kaskazini mwa Norwe, vilivutiwa waya wa telegrafu wenye urefu wa kilomita 170 na vituo tisa. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwaambia wavuvi samaki wameonekana wapi leo, ili mashua zielekee huko kabla fungu halijahama. Kisiwa cha Røst, kilichojitenga baharini, waya haukukifikia. Mwaka 1906 kituo cha Sørvågen kikaanza kuzungumza na Røst hewani, na ndivyo wavuvi wa chewa walivyopata telegrafu ya kwanza isiyo na waya kaskazini mwa Ulaya. Wenye viwanda na mabenki wa huko kusini walisubiri zamu yao.

Ukiishika hadithi hiyo, rekodi nyingine za Norwe katika habari na mawasiliano zitaeleweka kwa urahisi. Nchi ina watu milioni tano na nusu hivi, hawapishani sana na wakazi wa Dar es Salaam, lakini wametawanyika kwenye ardhi ndefu yenye milima, hori za bahari na maelfu ya visiwa. Kutoka ncha ya kusini hadi ncha ya kaskazini ni karibu kilomita 1,700 kwa mstari ulionyooka. Ramani hiyo ilitosha kabisa kuwapa watawala kisingizio cha kuishia Oslo na Bergen. Wanorwe walichagua kumfikia hata yule wa kisiwa cha mwisho, na rekodi nyingi ninazozikusanya hapa ni mazao ya uamuzi huo. Si zote zinazopendeza.

Jioni ya Aprili 9

Rekodi ya kwanza ya redio ya Norwe ni ya aibu. Tarehe 9 Aprili 1940 majeshi ya Ujerumani yaliivamia nchi. Jioni hiyohiyo mwanasiasa Vidkun Quisling aliingia studio mjini Oslo, akajitangaza mkuu wa serikali. Wanahistoria wengi huyataja kuwa mapinduzi ya kwanza duniani kutangazwa moja kwa moja redioni. Msomaji wa pwani yetu aliyewahi kusimuliwa jinsi sauti ya John Okello ilivyotawala redio ya Unguja wakati wa mapinduzi ya Januari 1964 hahitaji kuelezwa uzito wa kipaza sauti kinapoangukia mkono mpya.

Wananchi walijibu kwa kugeuza kitufe. Waliitafuta London, ambako serikali yao iliyokimbilia uhamishoni ilikuwa ikitangaza kupitia BBC, na sauti ya mtangazaji Toralv Øksnevad ikawa inajulikana nchi nzima. Mwaka 1941 wavamizi wakaanza kunyang'anya redio. Zilikusanywa zipatazo nusu milioni, katika taifa lililokuwa na watu milioni tatu tu. Waliobaki na redio zao kihalali ni wafuasi wa chama cha Quisling.

Hapo ndipo yalipochipuka magazeti ya siri. Kwa muda wote wa vita yalifikia takriban 300: karatasi zilizopigwa chapa usiku, habari za London zikiwa zimenakiliwa na mtu aliyejifungia na redio iliyofichwa chini ya sakafu au nyuma ya rundo la kuni. Kuanzia 1942 kosa la kulichapa au kulisambaza gazeti la namna hiyo liliweza kumpeleka mtu kwenye adhabu ya kifo. Watu waliendelea kuchapa.

Nikiulizwa ni andiko gani la Norwe lililoandikwa kwa shida kuliko yote, nitamtaja Petter Moen. Alikuwa mtu wa kampuni ya bima, na kwa siri alikuwa mhariri wa gazeti la London-Nytt. Alikamatwa Februari 1944, akatiwa katika gereza la Møllergata 19 mjini Oslo, peke yake, bila kalamu wala taa. Akachukua msumari mdogo, akawa anatoboa herufi moja moja kwenye karatasi za chooni gizani, asiweze hata kusoma alichokwisha kuandika. Aliandika kuhusu kupigwa, kuhusu majina aliyoyatoa chini ya mateso, kuhusu Mungu aliyemtafuta na asiye na hakika kama amemwona. Karatasi alizikunja na kuzisukuma ndani ya tundu la hewa. Septemba mwaka huohuo meli ya Westfalen iliyokuwa ikiwapeleka wafungwa Ujerumani ililipuka kwa bomu la baharini, na Moen akafa. Lakini alikuwa amewadokezea wenzake melini habari za karatasi zile. Mmoja wa walionusurika alilifikisha neno hilo, vita vilipokwisha sakafu ya gereza ikafunguliwa, karatasi zikakutwa. Shajara ilitoka kama kitabu mwaka 1949.

Gazeti la VG, ambalo baadaye lilikuja kuwa miongoni mwa magazeti makubwa kabisa nchini humo, lilianzishwa na watu waliotoka katika harakati hizo za siri. Toleo lake la kwanza lilitoka Juni 23, 1945, wiki chache baada ya uhuru.

Saa 134 bila kukata

Karibu miaka 70 baadaye, watayarishaji wa shirika la utangazaji la taifa, NRK, walikuwa mezani wakila na kujadili namna ya kuadhimisha uvamizi ule. Mmoja akatoa wazo: tuusimulie dakika kwa dakika, kama ulivyotokea. Wazo halikutekelezwa hivyo, ila neno "dakika kwa dakika" liligoma kuondoka vichwani mwao. Reli ya kutoka Bergen hadi Oslo ilikuwa inatimiza miaka 100. Wakafunga kamera kwenye treni, wakapiga picha safari nzima, na tarehe 27 Novemba 2009 wakairusha yote kwa zaidi ya saa saba bila kukata kipande. Reli hiyo ina mahandaki yapatayo 180, na treni ilipozama gizani walijaza nafasi kwa picha za zamani. Watu wapatao milioni 1.2 waliitazama, yote au sehemu yake.

Kilichofuata ndicho kilichoingia katika kitabu cha Guinness. Juni 2011 NRK ilipanda meli ya Hurtigruten kutoka Bergen hadi Kirkenes, karibu na mpaka wa Urusi, na kuonyesha safari nzima mubashara, usiku na mchana, kwa saa 134, dakika 42 na sekunde 45. Wakati huo hakukuwa na kipindi cha moja kwa moja kirefu kuliko hicho.

Inafaa kujua meli hiyo ni nini ili kuelewa kwa nini zaidi ya nusu ya taifa iliwasha televisheni. Kabla ya huduma ya Hurtigruten kuanza mwaka 1893, barua kutoka Trondheim kwenda Hammerfest ilichukua wiki tatu wakati wa kiangazi, na wakati wa baridi hadi miezi mitano. Kapteni Richard With alikubali kazi ambayo wenzake waliiogopa, ya kupita mwaka mzima katikati ya miamba ya pwani ile, hata katika giza la kipupwe, na barua ikawa inafika ndani ya wiki moja. Kwa vizazi vinne meli hiyo ndiyo iliyoleta gazeti, mwalimu mpya, friji, mkwe na jeneza. Kwa hiyo mwaka 2011 watu walikuwa wanajitazama. Walitoka nyumbani na mabango, wakapiga ngoma gatini saa nane za usiku, ambazo Juni huko kaskazini ni mchana mweupe. Mashua ndogo zikawa zinaisindikiza meli kwenye kila hori. Malkia Sonja naye alionekana akipunga mkono.

Naipenda rekodi hii kuliko zote, na sababu si urefu wake. Televisheni ya dunia nzima ilikuwa imekwisha kuamini kwamba mtazamaji ni mtu asiye na subira, wa kushikwa shati kila baada ya sekunde kumi. NRK iliacha kamera imtazame ng'ombe akitembea ufukweni kwa dakika kumi, nayo nchi ikakaa kumtazama, ikijiuliza anaelekea wapi. Vitu vingi ambavyo wakurugenzi wa vipindi huviita tupu kumbe vinahitaji muda tu.

Baada ya hapo waliingia katika kila kitu. Februari 2013 ulirushwa usiku mzima wa kuni: saa nne za mazungumzo kuhusu kukata, kupasua na kupanga, kisha saa nane za moto ukiwaka mekoni. Watazamaji walilalamika kwa nguvu, nusu wakisema magogo yamepangwa gome likitazama juu, nusu wakisema yamepangwa likitazama chini. Novemba mwaka huohuo walijaribu kuvunja rekodi ya Australia ya kumkata kondoo sufu, kuisokota na kufuma sweta. Waaustralia walitumia saa 4 na dakika 51. Wanorwe walivuka saa nane, rekodi ikabaki Australia. Mwaka 2020 walirusha safari ya kuvizunguka visiwa vya Svalbard kwa saa 221, safari hii ikiwa imerekodiwa kabla.

VG haikutaka kuachwa nyuma. Mei 2013 mwandishi wake Mads Andersen alimhoji Hans Olav Lahlum, mwanahistoria, mtunzi wa riwaya za upelelezi na mcheza sataranji, mbele ya kamera kwa saa 30, dakika 1 na sekunde 44. Rekodi ya dunia ya mahojiano marefu ilikuwa ya New Zealand, saa 26. Lahlum, kwa wanaomfahamu, ni msemaji asiyehitaji kusukumwa.

Watoto wa Jumamosi na sufuri ya Jahn Teigen

Desemba 1924, kabla hata nchi haijawa na shirika la utangazaji la kudumu, matangazo ya majaribio yalibeba kipindi cha watoto. Kiliendelea kila Jumamosi jioni, bibi na mjukuu na kitukuu wakikisikiliza kwa zamu, mpaka Septemba 2010. Kilipofungwa kilihesabiwa kuwa kipindi cha redio kilichodumu kuliko vyote duniani. Niliposoma kwamba NRK ilikiua ikiwa imebaki miaka 14 kitimize 100, nilisikitika kama mtu aliyefiwa na jirani.

Katika mashindano ya nyimbo ya Eurovision, Norwe imeshika mkia mara 12 hadi 2024, zaidi ya nchi yoyote. Mara nne haikupata hata pointi moja. Mwaka 1978 Jahn Teigen alirudi nyumbani na sufuri, ya kwanza tangu mfumo wa sasa wa kura uanze, akapokewa kama shujaa na akabaki kipenzi cha taifa hadi kifo chake. Mwaka 2009 Alexander Rybak, kijana mwenye fidla, aliibuka na pointi 387, ambazo hakuna aliyekuwa amezifikia kabla yake.

Wa kwanza kuzima FM

Tarehe 11 Januari 2017, saa tano na dakika 11 asubuhi, mitambo ya FM ya redio za taifa ilianza kuzimwa huko Bodø, mkoa wa Nordland. Desemba 13 kazi ilikuwa imekamilika hadi kaskazini kabisa, na Norwe ikawa nchi ya kwanza duniani kuzima FM ya kitaifa na kuhamia redio ya kidijitali, DAB. Stesheni ndogo za mitaa ndizo zilizoruhusiwa kubaki. Njia hiyo waliianza wenyewe mapema: Juni 1995 NRK ilikuwa imefungua stesheni ya kwanza ya DAB duniani, ya muziki wa kale wa Ulaya.

Hoja za kuzima zilikuwa nzito, na tena zilitokana na milima. Kupitisha FM kwenye kila bonde kulihitaji mitambo mingi sana, na gharama kwa kila stesheni ilitajwa kuwa mara nane ya DAB. Kwenye masafa ya FM mlikuwa na nafasi ya stesheni tano za kitaifa. DAB ilileta zaidi ya 20. Kwa mkazi wa bonde la mbali, hiyo ilimaanisha kusikia kile anachosikia mtu wa Oslo.

Wananchi hawakushawishika. Kura ya maoni iliyotolewa wakati ule ilionyesha asilimia 66 wanapinga na 17 tu wanaunga mkono. Magari yapatayo milioni mbili hayakuwa na redio za DAB. Wazee walitupa redio ambazo hazikuwa na kosa lolote. Usikilizaji wa kila siku ulishuka.

Katika orodha yote hii, hii ndiyo rekodi ninayoitilia shaka. Redio ya FM ni chombo cha bei ndogo, kinachotumia betri mbili kwa majuma, kisichomdai msikilizaji bando wala chaja. Serikali iliyotaka kumfikia mtu wa kisiwa cha mwisho ilimfikia kweli, ila safari hii ilimtaka kwanza anunue kifaa kipya. Nchi jirani zimeiangalia Norwe kwa makini: Sweden iliusimamisha mpango wake, Denmark ikaahirisha wake. Taifa tajiri lenye wakazi wachache linaweza kumudu kosa la namna hiyo likasonga mbele. Wapo wanaouona mfano huu na kutamani kuuiga barani kwetu, ambako redio ya betri ndiyo inayomwamsha mkulima. Ningewaomba waisome hiyo asilimia 66 mara mbili.

Mtetemo wa ardhi, mji wa Brønnøysund na simu zetu

Juni 1973 kituo cha Kjeller, nje kidogo ya Oslo, kiliunganishwa na ARPANET, mtandao wa Marekani uliozaa intaneti. Kilikuwa cha kwanza barani Ulaya, kikitangulia London. Wamarekani walikitaka kwa sababu ya NORSAR, mtambo wa kupima mitetemo ya ardhi ambao ungeweza kunasa majaribio ya mabomu ya nyuklia ya Wasovieti, na takwimu zake zilihitajika haraka ng'ambo.

Miaka 22 ikapita. Gazeti la kwanza la Norwe kuingia kwenye intaneti, Machi 1995, ungedhani ni moja ya yale makubwa, Aftenposten au VG. Lilikuwa Brønnøysunds Avis, gazeti la mji mdogo wa pwani ya Helgeland wenye watu wachache kuliko kata moja ya Mwanza. VG ilifuata Oktoba.

Wakati huohuo, ndani ya kampuni ya simu ya Telenor, Jon Stephenson von Tetzchner na Geir Ivarsøy walikuwa wakiandika kivinjari walichokiita Opera. Toleo lake la simu ndogo, Opera Mini, lilijaribiwa Norwe 2005 na kufunguliwa kwa dunia nzima Januari 2006. Seva zake ziliukandamiza ukurasa kabla ya kuutuma, hata ukapungua kwa hadi asilimia 90. Mtu yeyote aliyekuwa na simu ya vitufe Nairobi, Arusha au Kampala katika miaka ile anaijua herufi ile O nyekundu. Kizazi kizima cha wasomaji wa Afrika Mashariki kilifungua gazeti la mtandaoni kwa mara ya kwanza kupitia mlango uliochongwa Oslo, na salio likatosha.

Nani analipa

Shirika la Waandishi Wasio na Mipaka limeiweka Norwe nafasi ya kwanza kwa uhuru wa habari kila mwaka tangu 2017 hadi 2025. Hakuna nchi nyingine iliyoishika nafasi hiyo mfululizo kwa muda huo. Ibara ya 100 ya Katiba ya 1814 ilikuwa tayari imelinda uhuru wa kuchapa. Ilipoandikwa upya mwaka 2004 ilikwenda mbali zaidi na kuibebesha dola wajibu wa kuweka mazingira ya mjadala ulio wazi na wenye maarifa. Yaani haitoshi serikali kukaa kando. Tangu 1969 hutoa ruzuku kwa magazeti madogo na yale yanayoshika nafasi ya pili katika miji yao, bila kuuliza yanaunga mkono chama gani, na gazeti la karatasi halitozwi VAT. Ndiyo maana nchi yenye watu wa jiji moja ina magazeti zaidi ya 200.

Wananchi nao hutoa chao. Tafiti za Taasisi ya Reuters ya Oxford zinaonyesha takriban Wanorwe 4 kati ya 10 hulipia habari za mtandaoni, kiwango cha juu kuliko nchi zote zinazopimwa. Wastani wa nchi tajiri ni chini ya 2 kati ya 10. Wengi wao hawalipii siasa za Oslo pekee. Hulipia gazeti la wilaya, lenye matokeo ya mpira wa shule, ugomvi wa barabara, ndoa na tanzia. Hakuna mtambo wa California utakaowaandikia hayo.

Kuna uwazi mwingine unaowashangaza wageni. Kipato na kodi ya kila mtu ni habari ya umma, na magazeti huchapisha orodha za matajiri kila mwaka. Tangu 2014 mtu ambaye taarifa zake zimepekuliwa anaweza kumwona aliyezipekua, na udaku ukapungua ghafla.

Juu kabisa ya ramani

Longyearbyen, mji mkuu wa visiwa vya Svalbard, uko nyuzi 78 kaskazini. Gazeti la Svalbardposten lilizaliwa hapo mwaka 1948 miongoni mwa wachimba makaa ya mawe, likiwa karatasi za kubandikwa ukutani, na leo linajiita gazeti la kaskazini kuliko yote duniani. Juu ya mlima uliopakana na mji kuna SvalSat, kituo kikubwa kuliko vyote vya kibiashara vya kupokea mawasiliano ya setilaiti, chenye antena zaidi ya 100. Setilaiti zinazozunguka kupitia ncha za dunia hupita juu yake katika kila mzunguko, mara 14 kwa siku, jambo ambalo kituo cha Ulaya ya kati hakiwezi kulipata. Picha za mawingu na mioto unazoziona kwenye taarifa za hali ya hewa nyingi zimeshukia hapo, kisha zikapita chini ya bahari kwenye mikongo miwili iliyoanza kazi 2004. Januari 2022 mmoja wa mikongo hiyo uliharibika ghafla; wa pili ukaubeba mzigo wote.

Kwenye kisiwa cha Ingøy, ukingoni mwa Bahari ya Barents, mwaka 2000 ulisimamishwa mnara wa redio wa mita 362, kitu kirefu kuliko vyote vilivyosimamishwa nchi kavu Skandinavia, kwa ajili ya wavuvi walio mbali na nchi kavu. Ulinyamaza Desemba 2019.

Na huko Finnmark, kwenye makazi ya Wasami, wafugaji wa kulungu wa theluji ambao lugha yao ilikatazwa mashuleni kwa vizazi kadhaa, hutoka gazeti liitwalo Ávvir. Lilianzishwa 2008 kwa kuunganisha magazeti mawili, na ndilo gazeti pekee la kila siku duniani katika lugha ya Kisami. Wasemaji wa Kisami cha Kaskazini ni watu wapatao 20,000 tu, wakiwemo walio Sweden na Finland. Kwa hesabu za soko lingefungwa wiki hiyohiyo. Linaishi kwa ruzuku, na siku tano kwa wiki wahariri wake wanaamka na kuandika bei ya nyama, maamuzi ya bunge la Wasami na hali ya theluji malishoni.